Nati ya sampu iliyogoma: shajara ya Probox ya Mama

Jumamosi, 5 Julai 2025

Kazi niliyoipanga leo ilikuwa ya nusu saa: kumwaga oili ya zamani ya Probox, gari la Toyota la Mama, kubadilisha filta, kujaza mpya, basi. Kesho kaka yangu alitakiwa kwenda Muheza kuchukua machungwa. Msimu umeshika, na gari hili ndilo linaloibeba biashara ya Mama hapa Tanga. Likilala siku moja, kuna mtu shambani amechuma mzigo na hana wa kumchukulia.

Nikaliinua kwa jeki, nikalikalisha kwenye stendi mbili, nikaingia chini na beseni. Nikaingiza spana ya ringi namba 14 kwenye nati ya sampu, ile inayoziba tundu la kumwagia oili chini ya beseni la oili la injini. Spana ikazunguka, nati ikabaki palepale.

Nikaifuta kwa kitambaa na kumulika kwa simu. Pembe zote sita zimelika. Mahali pa kichwa cha nati pana kitu cha duara, kimechubuka pande zote, na kwenye ukingo kuna alama za taya za spana malaya, ile ya kurekebishwa ukubwa. Maana yake si mimi wa kwanza kupigana nayo.

Nieleze kidogo, kwa sababu huko mbele nitaitaja sana. Mafundi wetu huiita nati, ingawa kwa umbo ni bolti fupi. Kwenye injini hii ya 1NZ-FE, ya cc 1,496, uzi wake ni wa milimita 12, na kila jino la uzi liko milimita 1.25 kutoka kwa mwenzake. Kichwa ni cha spana 14. Kati ya kichwa na sampu hukaa wasa laini inayobonyea kidogo wakati wa kukaza na kuziba oili. Wasa ndiyo inayozuia kuvuja. Nguvu za mkazaji hazina kazi hiyo.

Nikampigia kaka. Anasema mara ya mwisho oili ilibadilishwa njiani, kwenye gereji ya kando ya barabara, mwezi wa Machi. Kijana aliyekuwa chini ya gari aliomba bomba, akalivika kwenye mkono wa spana, akalikanyaga kwa mguu. Kaka aliona, lakini alidhani ndivyo inavyofanywa ili isivuje.

Kitabu cha gari kinataka nati hii ikazwe kwa nyutonimita 37, kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Kwa spana ya urefu wa sentimita 25, hiyo ni sawa na kusukuma kwa uzito wa kilo 15 hivi kwenye ncha, yaani mkono mmoja bila kukunja uso. Sasa chukua bomba la sentimita 60 na kijana wa kilo 60 amesimama juu yake. Unafika zaidi ya nyutonimita 350, karibu mara kumi ya kinachotakiwa. Hata kama aliukanyaga kwa nusu ya uzito wake, uzi wa milimita 12 haukuumbwa kwa mateso hayo.

Nikajaribu soketi ya 14 yenye pembe sita. Spana nyingi za ringi zina pembe 12 ndani, nazo hushika karibu na ncha za pembe za nati, mahali palipo dhaifu. Soketi ya pembe sita husukuma kwenye bapa. Iliingia ikiwa imelegea, nikasukuma taratibu, nikasikia ikiteleza kama kijiko kwenye sufuria. Nikaitoa. Venia, kile kipimo cha unene, inasoma milimita 14.4 kwenye sehemu nene kuliko zote, wakati nati nzima ya 14 huwa na zaidi ya 16 kutoka pembe hadi pembe.

Nimeipulizia mafuta ya kulegeza kutu, nimeiacha ilale nayo.

Jumapili, 6 Julai

Kaka amepanda gari la mtu na mzigo amelipia nauli. Mama hakusema kitu, lakini nilimwona akihesabu upya fedha za wauzaji.

Asubuhi nilichukua vaisi gripu, koleo linalojifunga likishika. Nikaifunga kwa nguvu zangu zote hadi mkono wa kufungia ukalia, nikaiweka ili meno yajikaze zaidi ninapovuta kushoto. Ilishika kwa pumzi moja, kisha ikamenya chuma kama unavyomenya muhogo. Nikafunga tena. Ikamenya tena. Kichwa cha nati ni kifupi na taya za vaisi gripu ni nene, kwa hiyo zinashika ukingo tu. Nilipaswa kuacha baada ya mara ya kwanza, nami nikaenda mara tatu. Sasa venia inasoma 14.1.

Hapo ndipo nilipotoka chini ya gari na kukaa kwenye ngazi. Kila jaribio linakula kidogo ya kile ambacho jaribio linalofuata litakihitaji. Nimetumia mawili na nimepoteza sehemu tatu za kumi za milimita. Hazirudi.

Na nikafikiri juu ya yale mafuta ya kulegeza. Usiku kucha, na hakuna tofauti yoyote. Kwa nini? Kwa sababu mafuta yale hupenya penye kutu na mwanya. Nati hii ndani haina kutu hata chembe. Nyuzi zake zimeoga oili tangu gari litoke kiwandani Japani. Nje kuna kutu kidogo ya chumvi ya pwani yetu, lakini ni ya juu juu, unaifuta kwa brashi ya waya. Kinachoishika ni mbano. Uso wa nati umegandamizwa kwenye uso wa sampu, na nyuzi zimevutwa kama kamba ya tanga kwenye upepo. Ukiweza kuisogeza robo ya duara, mbano umekwisha na iliyobaki utaizungusha kwa vidole. Shida yote iko kwenye hiyo robo ya kwanza.

Nimelifikiria hili hadi jioni. Tangu jana nilikuwa natafuta jinsi ya kuishika nati kwa nguvu zaidi. Ninachotafuta sasa ni jinsi ya kuuvunja mbano.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Maduka mengi ya vipuri yamefungwa, na afadhali, maana leo nimefanya jambo ambalo ningelifanya tangu Jumamosi. Nimebadilisha oili bila kuigusa nati.

Oili inaweza kutoka juu. Niliwasha injini dakika tano ipate uvuguvugu, nikazima, nikachomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, nikapitisha mpira mwembamba kwenye bomba lake hadi ukagota chini. Upande wa pili nikafunga pampu ya mkono, ile ya kuhamishia mafuta ya taa, ambayo niliiosha na kuikausha jana usiku. Ilichukua dakika arobaini na vidole vimechoka, lakini lita 2.9 zilitoka, nyeusi kama lami. Filta iko chini nayo haina ugomvi na mtu, nikaifungua na kuweka mpya. Injini hii hubeba lita 3.7 ukibadilisha na filta, kwa hiyo najua kuna oili chafu iliyobaki chini, ile ambayo mpira haukuifikia. Nikajaza kidogo kidogo huku nikipima kwa dipstiki hadi alama ya juu.

Siyo kazi kamili. Uchafu mzito hukaa chini kabisa, na huo hautoki kwa mpira. Lakini injini ina oili mpya, kaka ameondoka saa kumi jioni kwenda Muheza, na mimi nina wiki nzima ya kufikiri bila mtu kunisimamia. Anayekutana na nati iliyogoma huku gari likidaiwa barabarani, naomba aanzie hapa. Makosa mengi ya fundi hutokana na mtu anayengoja nje akiangalia saa.

Jumamosi, 12 Julai

Gari limerudi jana usiku. Leo nimejaribu mbinu mbili, na kabla ya zote mbili nikachora mstari wa chaki kuanzia kwenye ukingo wa nati hadi kwenye sampu. Bila mstari huo mtu hujidanganya. Unahisi kitu kimesogea, kumbe ni soketi iliyosogea.

Ya kwanza ni soketi ndogo kuliko nati. Nilichukua soketi ya 13 ya pembe sita, ya zamani, ambayo sitaililia ikiharibika. Kichwa kikiwa milimita 14.1 na nafasi kati ya bapa za soketi ni 13, pembe za soketi zitajichimbia njia zikigongwa. Lakini nilijiwekea mpaka: mapigo manne ya nyundo ndogo, basi. Sampu hii ni bati la chuma, na ndani yake, karibu kabisa na chini, limekaa chujio ambalo pampu hufyonzea oili. Ukilibonyeza bati hadi likalikaribia chujio, umeinyima injini oili, na hasara hiyo haina uwiano na nati. Tena kile kishimo chenye nyuzi ni kipande kilichochomelewa kwenye bati. Ukikigonga vibaya kinapasuka mshono.

Mapigo manne yaliiingiza soketi nusu ya kichwa. Nikaweka mkono mfupi, nikavuta kwa uthabiti bila kushtua. Soketi ilishika vizuri kuliko kitu chochote hadi leo. Nikaongeza. Nikaona mkono unakwenda, moyo ukaruka, nikamulika chaki: mstari mzima, haujakatika. Soketi ilikuwa imenyoa kichwa chote kikabaki laini.

Ya pili ni tindo. Hapa nilikuwa na matumaini, kwa sababu tindo hutoa mshtuko, na mshtuko ndio huvunja mbano. Nikaichongea nati mfereji mdogo kwenye ukingo wa kola yake, yaani ile sehemu pana chini ya kichwa, tindo ikiwa wima. Mfereji ulipotosha kushika, nikailaza tindo ikaelekea upande wa kufungulia, nikapiga mapigo mafupi makali. Pigo la tano, chaki ikasogea. Kidogo sana, labda milimita moja, lakini ilisogea kweli! Nikapiga tena, na kipande cha kola kikakatika na kudondoka kwenye beseni.

Nikaweka nyundo chini. Ningeweza kuchonga mfereji wa pili upande wa pili. Lakini kola ndiyo inayoibana wasa ili izibe, na chini yake kuna uso wa sampu ambao nautaka mzima. Nati mpya nainunua kwa shilingi elfu kumi. Sampu nzuri ya mtumba sitaipata kwa mara nne ya hizo, na kuifungua na kuirudisha kwa silikoni ni kazi ya siku nzima. Toka mwanzo nimejiambia: nati iharibike inavyotaka, sampu isiguswe.

Kesho naenda kwa mchomeleaji.

Jumapili, 13 Julai

Mzee huyu anachomelea mageti na fremu za pikipiki mtaa wa pili, na ana shimo la kuingilia chini ya gari. Nilifika saa mbili asubuhi.

“Shikamoo, Fundi.”

“Marahaba, mwanangu. Lete tuone.” Akashuka shimoni, akamulika, akakaa kimya. “Umeipiga sana hii.”

“Nimeipiga, Fundi.”

“Oili imo?”

“Imo, ya wiki moja tu.”

“Itoe uiweke safi. Sitaki kuchoma juu ya lita tatu.”

Nikaitoa kwa mpira na pampu kama siku ile, safari hii kwenye dumu jipya nililolifunika kitambaa, maana itarudi humohumo. Mzee akanifungulisha kifuniko cha oili cha juu ili joto na mvuke visijifungie ndani. Nikatoa waya hasi wa betri, kwa ajili ya kompyuta ya injini. Yeye akakwangua rangi kwenye ukingo wa sampu, kiasi cha kidole, akabana ethi, ule waya wa kurudishia umeme kwenye mashine ya kuchomelea, papo hapo, karibu na nati. Nilimuuliza kwa nini asiibane kwenye chasisi kama wanavyofanya wengi. Akasema umeme hutafuta njia ya kurudi, na ethi ikiwa mbali unaweza kupita kwenye beringi za injini na kuzichoma kidogo kidogo. Ndoo ya mchanga pembeni, mtungi wa kuzimia moto mkononi mwangu, gunia lililoloweshwa limetandazwa kuzuia cheche zisiende kwenye mipira ya jirani.

Nilikuwa nimeleta kitambaa chenye petroli kufutia grisi. Akakitazama, akanionyesha mlango. Nikakitoa nje kabisa, nikaosha mikono kwa sabuni kabla ya kurudi. Naliandika hapa kwa sababu lilikuwa kosa la hatari na nisingependa mtu mwingine alirudie. Kusafisha alisafisha mwenyewe kwa kitambaa kikavu, kisha grinda ndogo, hadi kichwa cha nati kikang’aa.

Mbinu yenyewe ni hii: unachukua nati ya kawaida ya uzi wa 12, ile inayoshikwa na spana 19, unaiweka juu ya kichwa kilicholika kama pete, unachomelea kwa ndani ya tundu, chuma kikajaa na kuviunganisha viwili. Unapata kichwa kipya. Na zaidi ya kichwa unapata joto, ambalo linaingia moja kwa moja kwenye mwili wa nati iliyogoma. Nati inatanuka, inagombana na kila kinachoibana, kisha ikipoa inasinyaa. Mbano uliokataa mafuta, vaisi gripu na soketi haupendi mchezo huo.

Jaribio la kwanza lilivunjika. Mzee alivuta kwa spana kidogo tu, pete ikadondoka, na chini yake chuma kilikuwa na vitundu kama mkate wa kumimina. Oili. Ilikuwa ikitoka jasho kwenye nyufa za kola wakati moto unapanda.

Hakukasirika. Akasema, “Imejisafisha yenyewe, sasa ndiyo tunaanza.” Akapitisha grinda tena, akaligusa kwa rodi mara mbili tatu bila pete, ili joto liikaushe oili iliyobaki, akasaga tena hadi ikang’aa. Kisha akaweka pete mpya. Rodi ya milimita 2.5, mashine kwenye ampea 90 hivi. Alijaza tundu kwa mikupuo miwili mifupi, akipumzika katikati ili joto lisiende kwenye mshono wa sampu.

Halafu akangoja. Mimi nilitaka kuvuta palepale. Akaniambia chuma chekundu ni laini, ukikivuta kinajikunja na kukatika. Tukangoja hadi wekundu ukaondoka, hadi ukawa weusi, hadi ukiukaribia kwa mkono unahisi joto bila kuungua. Hakumwagia maji.

Akaweka spana ya ringi 19, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuikaza. Kidogo tu, kama mtu anayejaribu kitasa. Kisha akarudi kushoto. Kulia, kushoto. Kulia, kushoto, kila mara akiongeza chembe. Nilikuwa nimeshika taa, macho kwenye mstari wa chaki niliouchora upya. Kikasikika kilio kimoja kirefu cha chuma juu ya chuma, na mstari ukakatika. Nusu ya chini ilibaki kwenye sampu, nusu ya juu ikaenda na nati.

“Haya,” Mzee akasema, “njoo ufungue mwenyewe.”

Haikuwa laini kama nilivyotazamia. Duru tatu za kwanza zilikataa, nikaenda nusu duru mbele na robo duru nyuma, nikidondoshea oili. Baada ya hapo vidole vilitosha. Ilipotoka ilifuatwa na oili nyeusi nzito, kama kikombe kimoja, ile iliyoshindwa na mpira. Hiyo ndiyo imekuwa ikichafua oili mpya wiki nzima.

Nati iko mezani ninapoandika. Wasa haipo. Hakuna hata alama ya wasa. Mahali pake pana silikoni ya kijivu iliyokauka, na kola imesagana na uso wa sampu, chuma kwa chuma, hadi imepata mng’ao wa kioo upande mmoja. Kwenye nyuzi za mwanzo umening’inia uzi mwembamba wa chuma, mrefu kama ukucha, uliochunika. Picha sasa iko kamili kwangu: wasa ilipotea au ilikuwa imechoka, nati ikawa inavuja, mtu akapaka silikoni, ikavuja tena, na aliyefuata akaleta bomba. Wasa ile ni ya shilingi elfu mbili.

Nimemlipa Mzee elfu kumi na tano. Aliomba kumi.

Jumatatu, 14 Julai

Kutoka ni nusu ya kazi. Leo nimekaa na kishimo.

Niliinunua nati mpya halisi na wasa tatu. Kwa vidole, nati mpya iliingia duru mbili ikasimama. Hapo kuna kishawishi cha kuweka spana na kuilazimisha ipite, na ndivyo sampu nyingi zinavyokufa. Nikaitoa.

Mzunguko wangu wa madukani umenifundisha jambo la kuangalia sana. Tepu za 12 za kukatia nyuzi zipo, lakini nyingi ni za 1.75, ambayo ni ya bolti za kawaida, na nilipotaja Toyota muuzaji mmoja akanipa ya 1.5. Hakukosea kwa upande wake, kwa sababu nati za magurudumu ya Toyota ni 12 kwa 1.5. Ila sampu ni 1.25. Ukiingiza ya 1.5 humo inaanza vizuri, inashika, inakupa moyo, kisha inazikata nyuzi zote. Pima kwa nati yako mkononi, uzi kwa uzi, huku ukizitazama dhidi ya mwanga. Jina la gari halitoshi.

Ya 1.25 sikuipata. Nikarudi kwa Mzee, naye akaniuliza kama naweza kupata nati nzima ya sampu ya mtumba. Nikaipata kwa wauza vipuri vya zamani kwa elfu tatu. Akaibana kwenye jiriwa, akachukua msumeno wa chuma na kukata mifereji mitatu ya urefu kwenye nyuzi, kutoka nchani kwenda juu, akazinyoosha kingo kwa tupa. Imekuwa kisafishio. Haina ugumu wa tepu, haiwezi kukata uzi mpya, na hilo ndilo jema lake. Inafuata njia iliyopo, inaziinua nyuzi zilizolala na kubeba takataka kwenye mifereji.

Nikajaza mifereji kwa grisi ili vipande vya chuma vinate humo visidondoke ndani. Kwa vidole hadi iliposimama, kisha spana fupi: robo mbele, nusu nyuma, toa, futa, paka grisi upya. Mara kumi na moja. Kila mara kitambaa cheupe kilitoka na vumbi la chuma, kikipungua. Mara ya mwisho ilienda hadi mwisho kwa vidole viwili. Nikamwaga nusu lita ya oili safi kutoka juu ikapita na kutoka kishimoni, nikaichuja kwenye kitambaa na kupitisha sumaku. Vipande viwili vidogo kama punje za mchanga. Nikamwaga nusu nyingine. Hakuna kitu.

Uso wa sampu niliukwangua silikoni kwa kipande cha mti mkavu, siyo kisu, nikaupitisha msasa laini palipokuwa na mwinuko. Upande mmoja una mkwaruzo wa tindo, lakini uko nje ya duara la wasa. Nimeupima kwa kuweka wasa juu yake mara kadhaa hadi nikaridhika.

Nati mpya, wasa mpya, vidole hadi mwisho. Toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, nimeazima kwa jamaa wa gereji ya malori. Nilisogea kwa hatua: 20, ikashika, 30, ikashika. Hapo nilisimama kidogo. Kama nyuzi zimekufa, zitateleza kati ya hapa na 37, na utahisi spana inakwenda bila kuwa nzito. Nikasukuma taratibu. Ikalia klik kwenye 37, nzito na imara.

Oili ya kwenye dumu ikarudi, nikajazia iliyopungua. Kipande cha boksi nimekitandika chini ya gari.

Jumamosi, 19 Julai

Boksi halina tone. Gari limekwenda Muheza mara tatu wiki hii, mara moja likiwa limezidi mzigo (nimemwambia kaka, naye amekubali). Nimepitisha tishu nyeupe kuzunguka nati baada ya kila safari, imetoka kavu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Miezi mitatu. Leo ni zamu ya kubadilisha oili, na sikulala vizuri jana, nakiri. Niliingia chini na spana ya ringi namba 14, fupi, mkono mmoja. Nati ilikataa kwa namna nati inavyotakiwa kukataa, kisha ikaachia bila kelele. Pembe zote sita zipo. Nyuzi safi, wasa imebonyea sawasawa pande zote. Oili imetoka yote, hadi matone ya mwisho.

Mama alikuwa barazani akichambua machungwa. “Imefunguka?” akauliza.

“Imefunguka, Mama.”

“Alhamdulillahi. Mwambie ndugu yako ajiandae basi.”

Wasa mpya, 37. Kisha nikachukua rangi nyeupe na brashi nyembamba, nikaandika kwenye sampu, kando ya nati, mahali ambapo yeyote atakayelala chini ya gari hili ataliona kabla hajashika spana: 14. NM 37. WASA MPYA. Wasa mbili za akiba nimezifunga kwenye mfuko wa nailoni ndani ya dashibodi, na kaka ameziona zilipo.